Kandege ka bibi kamenikosesha laki sita

Mpenzi msomaji, leo usitegemee umbea wa wasanii wala ushauri wa namna ya kumrudisha mume aliyehama nyumba. Leo nina kesi yangu mwenyewe. Nimekosa laki sita taslimu, wekundu wa Msimbazi sitini wa kuhesabu kwa mate, kwa sababu ya ndege. Na si kuku, si kanga, si bata mzinga. Ni kandege ka kijivu ambako ukikaweka kwenye mzani wa dukani mshale hautikisiki. Ukinicheka nitakuelewa. Hata mimi nilijicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu anayedaiwa kodi.

Tuanze mwanzo. Ninaishi Mwanza, nimepanga chumba kimoja, choo cha kushirikiana, bomba la uani. Kazi yangu ndiyo hii unayoisoma. Nina cheti cha kidato cha nne, sijaajiriwa na mtu, nalipwa kwa makala. Wiki likija tangazo kubwa makala inaondolewa, na mimi na mfuko wangu tunaondolewa nayo. Sasa mwenye nyumba hajui mambo ya nafasi ya ukurasani. Yeye anajua elfu arobaini kwa mwezi, tena anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Oktoba iliyopita nilikuwa nyuma miezi miwili, na kila nikisikia ndala zake uani nilikuwa nazima redio na kujifanya sipo.

Ndipo mjomba akapiga simu kutoka kijijini kwetu, Itilima, ng'ambo ya Bariadi.

"Mama, hujambo? Hebu nisikilize. Kuna mtu anataka yale malula ya bibi yako. Anakata mwenyewe, anachoma mkaa mwenyewe, visiki anang'oa mwenyewe. Sisi tunabakiwa na shamba jeupe la kulima pamba. Anatoa milioni moja na laki nane. Bibi yako kagoma, anasema mpaka watoto wake wote watatu wakubali. Mama yako hayupo, kwa hiyo wewe ndiye mama yako. Anakupenda, atakusikiliza. Njoo uongee naye, nauli nakutumia sasa hivi."

Milioni moja na laki nane gawanya kwa tatu. Hesabu za shule zilinishinda, lakini hiyo niliipata kabla mjomba hajakata simu. Nikamwambia, "Mjomba, hesabu kwamba bibi kashakubali."

Kwa wewe uliyezaliwa Kariakoo, acha nikueleze malula ni nini. Ni migunga midogo ya miiba inayoota mbugani, na mbuga ya Usukumani si ya kuangalia simba. Ni ule udongo mweusi wa kinamo ambao mvua ikinyesha unameza viatu, na kiangazi unapasuka nyufa za kupotezea simu. Matawi yake yana vibofu vyeusi mfano wa ndimu zilizokauka, na kila kibofu kina miiba. Mti wenyewe hauna tunda la kula wala kivuli cha kujivunia. Nilikua nikiambiwa lile ni pori, basi. Na mjini tumefundishana kwamba neno pori maana yake ni mahali pasipo na kitu.

Nikapanda basi stendi ya Nyamhongolo alfajiri. Magu, Lamadi, pale unaiacha barabara ya Musoma unakata kulia, halafu nchi inafunguka mpaka Bariadi. Ng'ombe, vumbi, mashamba yaliyokwisha kuvunwa pamba, mengine tayari yamechomwa mabua yakisubiri mvua. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, zamani tulikuwa Shinyanga, na bibi yangu mpaka leo akiambiwa Simiyu anauliza, "Mto?" Huko pamba ndiyo kila kitu. Ndiyo sare ya shule, ndiyo mahari, ndiyo bati. Mtu akikuambia anataka shamba jeupe la pamba, usimwone mchoyo. Anataka kuishi.

Bariadi nikanunua sukari, sabuni na tumbaku ya bibi, nikapanda bodaboda. Nikafika jioni nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko Mwanza mnakula saa ngapi?"

Nikapewa michembe na maziwa ya mgando, ugali ukafuata. Mjomba alikuwa ananikonyeza upande wa pili wa moto nianze kazi niliyotumiwa nauli. Nikasema moyoni, mzee wa watu hasemeshwi mambo ya kukata miti usiku wa kwanza. Tukalala.

Usiku upepo ukaja. Msomaji, nisikufiche, niliogopa. Nje kulikuwa na sauti kama watu mia wanapuliza midomo ya chupa tupu, wengine karibu, wengine mbali. Inapanda, inashuka, inanyamaza, inaanza tena. Nikamtikisa bibi. Akacheka gizani.

"Ni malula hayo, yanapiga mluzi. Umezaliwa katika nyumba hii hii ukiyasikia, leo unayakimbia?"

Asubuhi nikaelezwa siri yake. Vibofu vile vina sisimizi ndani. Ni wao wanaotoboa vitundu vya kuingilia na kutokea, na upepo ukipita kwenye vile vitundu unapiga mluzi. Mti unawapa sisimizi nyumba, tena unawapa utomvu mtamu wa kunywa kwenye majani. Nao wanaulinda. Twiga akipeleka ulimi, au tembo akipeleka mkonga, wanamwagika nje kwa maelfu na kumng'ata mpaka aondoke. Kwa kifupi ni wapangaji wanaolipa kodi kwa kazi ya ulinzi.

Habari hiyo ningepewa mapema ningeshukuru. Kwa sababu saa mbili asubuhi nilikwenda na mjomba na yule mnunuzi kuhesabu miti, mimi nimevaa gauni refu la mjini ili nionekane mtu wa maana. Nilishika tawi moja tu. Moja! Kufumba na kufumbua sisimizi wamo mikononi, shingoni, na kwingine ambako gazeti la familia haliandiki. Nikaruka ngoma ya wagika na wagalu peke yangu, mnunuzi kageuka pembeni kwa heshima huku mabega yanamtikisika. Nikawaacha waendelee kuhesabu, mimi nikakimbilia upande wa chini, kwenye lambo la zamani, nikung'ute gauni langu pasipo na watu.

Kumbe watu walikuwepo. Alikuwepo kijana mmoja wa nyumba ya jirani, tumesoma naye shule ya msingi, siku hizi anaongoza watalii Serengeti na alikuwa nyumbani kwa likizo. Amesimama kama kisiki, darubini machoni. Msianze, hakuna mapenzi katika stori hii. Yule jamaa hata hakuniangalia. Aliinua kiganja kuniambia nisimame, akanong'ona, "Dada, usisogee. Wako wawili."

Akanipa darubini. Nikatafuta, nikaona miiba tupu. Akaniambia niangalie tawi la katikati, pembeni ya kibofu. Nikaona kitu kinatembea. Kadogo, kama sentimita kumi na moja hivi, mdomo mpaka ncha ya mkia. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, bawa lina kipande cheupe, na mkia mrefu mwembamba una weupe pembeni. Hakana rangi ya kupigia picha. Lakini kalikuwa na kazi! Kanaingia kati ya miiba ambayo mimi ilinichana gauni, kanageuka, kananing'inia, kanachungulia chini ya jani, kanachomoa kiwavi, kanameza, kanaruka tawi jingine. Mwenzake nyuma yake anafanya vilevile. Wanaitana kwa kasauti kembamba, huyu akisema na yule anajibu. Walipita mti mmoja mpaka mwingine bila kukosa hata tawi, kama mama wa nyumbani anayechambua mchele.

"Unamjua huyo?" akaniuliza.

"Ndege."

Akanitazama kwa huruma. Kwa Kisukuma hata yeye hakuwa na jina la peke yake la kumpa. Kijijini kwetu vindege vyote vya kijivu ni vindege. Lakini vitabuni anaitwa Apalis karamojae, apalisi wa Karamoja. Ameitwa hivyo kwa sababu aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na ndege aliyepatikana Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda. Huku kwetu jamii yake ilikuja kupewa jina lake la pekee mwaka 1985, na wataalamu wawili, Simon Stuart na Nigel Collar. Yaani ndege alikuwa anaimba kwa bibi miaka yote, dunia ilikuwa haijamwandika daftarini. Anaishi vipande vipande: huko Karamoja, kipande upande wa Kenya karibu na Mara, na hapa Tanzania kuanzia Serengeti kuja mpaka nyika za Wembere. Shirika la kimataifa la IUCN lilimweka miaka mingi kwenye orodha ya ndege walio hatarini.

"Hatari gani? Anawindwa?"

"Nani awinde kitu hata hakijazi kijiko? Hatari yake ni shoka. Huyu huku kwetu ni wa malula, dada. Anakula hapa, anajenga hapa. Malula yakikatwa hahamii kwenye mwarobaini wa shuleni. Hana pa kuhamia."

Hana pa kuhamia. Msomaji, maneno hayo matatu mwambie mtu mwenye mshahara hayatamgusa. Mimi yalinipiga pabaya. Nilijiona ndani ya chumba changu redio imezimwa, nasikiliza ndala.

Lakini laki sita ni laki sita. Nikamrudishia darubini yake nikaenda kwa mjomba.

Mchana tukakaa kikao chini ya mkwaju. Bibi kwenye kigoda, mjomba, mke wa mjomba, binamu yangu wa kike, na mama mdogo aliyekuwa Maswa, yeye kwa simu iliyowekwa juu ya ndoo ili wote tumsikie. Yule kijana wa darubini akaja kama jirani, akakaa kando.

Mjomba akaanza, na nitamtendea haki kwa sababu alisema ukweli mtupu. Binamu yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Awamu ya kwanza ya ada ni laki sita, na chuo hakisubiri. Pamba ya mwaka ule ilikuwa imeishia kwenye madeni ya mbegu na dawa. Ekari kumi na mbili zimekaa na miiba. "Nimekaa nayo tangu nazaliwa," akasema, "sijawahi kuuza mwiba hata mmoja. Leo kaja mtu anataka kununua miiba, tunamfukuza?"

Kijana wa darubini akaomba nafasi, akaeleza habari za kandege. Mjomba akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kanakula funza wa vitumba?"

Huyo ni mdudu anayemaliza pamba. Kijana angeweza kudanganya hapo, nani angempinga? Akasema, "Hapana mzee. Huyu hatoki kwenye malula kwenda kwenye pamba."

"Basi hakanisaidii."

"Hapana mzee. Hakakusaidii."

Kimya. Hata simu juu ya ndoo ilinyamaza. Nilimheshimu yule kijana kuliko angekuja na hotuba ya faida kumi za ndege. Kwa sababu kweli, kalikuwa hakana faida. Hakauziki, hakaliwi, hakalindi pamba, na wazungu hawatafika Itilima na mabasi kukaangalia. Kanaishi tu.

Ndipo bibi akasema. Na bibi hakusema habari ya ndege hata kidogo.

Alisema wakati anaolewa katika mji ule, wakwe zake walimsimulia kazi ya kufyeka mapori enzi za Mwingereza, ili kuua mbung'o wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa. Watu walifyeka wakamaliza. Baadaye wakaongeza mashamba ya pamba, wakafyeka tena. Akaja kuona kwa macho yake mwenyewe miaka ya themanini, ambapo kuni zilikuwa za kutembea kutwa, na mwanamke aliyerudi bila kuni alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kiangazi ndama walikuwa wanakufa kwa kukosa nyasi, mama zao wamesimama tu. Ndipo serikali ikaja na mambo ya HASHI, na babu akarudisha ngitili, desturi ya wazee: unafunga eneo wakati wa masika, nyasi na miti vinaota, halafu kiangazi unafungulia kidogo kidogo ng'ombe wa maziwa na ndama.

"Hayo malula hayakujiotea," bibi akasema. "Babu yenu aliyalinda kwa fimbo. Alichapa mpaka mbuzi wa kaka yake."

Niliporudi mjini nikaisoma habari hiyo, na bibi hakutia chumvi. Shinyanga ya wakati ule, na sisi tukiwa ndani yake, ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza mwaka 1986 ngitili zikiwa zimebaki hekta mia sita na kitu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Watafiti walipohesabu waliandika aina 145 za ndege ndani ya ngitili. Hawakupandwa hao. Miti iliporudi, nao walirudi wenyewe.

Bibi akamaliza, akanigeukia. "Sasa wewe. Wewe ni mama yako leo. Sema."

Mjomba akanitazama kwa macho ya mtu aliyelipa nauli.

Hapa ningependa kukuambia kwamba nilisimama nikasema maneno mazito. Sikusema. Nilikuwa namwangalia binamu yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa anachora chini kwa kijiti, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliokwisha kuufanya. Kama ningesema yasikatwe, namfukuza yeye chuoni kabla hajafika. Kama ningesema yakatwe yote, nalipa kodi yangu, nawalaza nje wale wawili wa kwenye lambo. Na upande mmoja kuna mtu, upande mwingine kuna ndege. Hilo sikulisahau, na wewe usilisahau.

Nikasema, "Yakatwe upande wa juu. Ekari nne, za ada. Upande wa chini, kwenye lambo, yaachwe."

Mjomba akasema, "Na fungu lako?"

Nikasema sijui.

Bibi akasema yeye anajua. Kwa bei ile ile ekari nne ni laki sita kamili, na zote zinakwenda chuoni, hazigawanywi. Mama mdogo akalalamika ndani ya simu mpaka akaahidiwa ndama jike. Mjomba ekari zile nne atalima pamba. "Na wewe mke mwenzangu," akaniambia, "fungu lako ni hilo la chini linalopiga mluzi. Liko salama, hakuna atakayekuibia."

Wakacheka wote isipokuwa mimi na mjomba.

Mnunuzi akakubali kwa shingo upande, akaambiwa afuate kibali kama sheria inavyotaka ndipo aingize shoka. Kijana wa darubini akanishika mkono akisema, "Asante dada." Mjomba yeye alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda bila neno, na pale ndipo alipolisema: "Nauli ile nilikutumia mimi."

Mpaka leo ananidai. Na ana haki.

Nikarudi Mwanza na furushi la michembe. Mwenye nyumba hapokei michembe. Novemba nikahamishwa, kwa lugha ya heshima. Kwa lugha ya kweli, nilikuta godoro langu uani. Rafiki yangu mmoja wa Igoma akanipokea, tunalala wawili kitanda cha futi nne, yeye anakoroma. Siyo maisha, lakini napata usingizi. Ninachotaka kukuambia ni hiki: mimi nilitolewa nikapata pa kwenda. Nina rafiki, nina miguu, nina nauli ya daladala. Nilikuwa nalia usiku ule wa godoro, halafu nikakumbuka maneno ya yule kijana, nikanyamaza.

Jambo jingine. Huku Igoma tunapikia mkaa wa kununua kwa kopo. Siku moja nikamuuliza mama muuza mkaa, "Mama, huu umetoka wapi?" Akanitazama juu mpaka chini. "Umetoka kwenye gunia." Sikuwa na la kuongeza. Ndivyo tulivyo sisi wa mjini, kila kitu kinatoka kwenye gunia. Serikali ilizindua mkakati mwaka 2024 ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naomba iwe kweli. Lakini mtungi wa gesi ukiisha tarehe ishirini na mshahara uko mwezi ujao, mimi nakimbilia kopo, na najua nawe unakimbilia. Kwa hiyo sijaja kukuhubiria. Shoka lile la upande wa juu mpini wake nimeushika na mimi.

Na usidhani mti mmoja ukiondoka ni mti mmoja umeondoka. Laikipia, Kenya, malula kama yetu yanaota pori zima. Wakaingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua wale sisimizi walinzi. Tembo wakaona ulinzi umetoka, wakavunja miti. Nchi ikawa wazi, na simba, wanaovizia kwa kujificha, wakawa wanashindwa kukamata pundamilia kama zamani, wakahamia kwenye nyati. Habari hiyo ilichapishwa na wanasayansi Januari 2024. Simba mzima kabadilishiwa mboga na sisimizi! Sembuse kandege kasikokula kingine wala kulala kwingine.

Januari nilirudi nyumbani, safari hii kwa nauli yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, mbuga imekuwa tope, nikaacha ndala moja humo ndani mpaka leo. Upande wa juu pamba ya mjomba ilikuwa imesimama vizuri mistari iliyonyooka, na sitakudanganya, ilipendeza. Nikakaa pale pembeni karibu saa nzima. Waliopita ni shomoro na njiwa. Wale wa kijivu hakuna.

Nikashuka mpaka kwenye lambo. Malula yalikuwa yametoa majani mapya, na safari hii nilikuwa nimejifunza, mikono nyuma, sishiki tawi. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nikakasikia kale kasauti kembamba, kamoja kanasema, kengine kanajibu. Halafu nikawaona wawili, wanachambua mti wao jani kwa jani, wala hawana habari na mimi. Sikuwa na darubini. Sikuhitaji, siku hizi nawajua kwa mwendo.

Binamu yangu yuko chuoni, ananitumia picha amevaa sare nyeupe. Lakini ada ni ya miaka mitatu, na mjomba ameanza kusafisha koo kila akipita karibu na lambo. Najua simu itakuja. Najua ataniuliza kama kandege kanalipa ada, na bado sitakuwa na jibu la kumshinda. Nimeanza kuweka elfu tano tano za makala kwenye simu, jina nimeandika "ada ya mwaka wa pili". Mpaka leo ziko elfu sitini na tano. Ukiona makala zangu zimekuwa nyingi humu gazetini, ujue ni ekari hizo nazilipia.

Siku ya kuondoka bibi alinisindikiza mpaka njia panda. Nikamwuliza kama wapangaji wangu wa kwenye lambo wanamsumbua.

"Hawanisumbui," akasema. "Ila kodi hawalipi. Wamekufuata wewe."

Haya, tukutane wiki ijayo tukijaliwa. Stori ya mume aliyehama nyumba nitaileta, msiwe na wasiwasi.